Kwa nini watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wa biashara kujenga mnara wa tambi?

Kuna zoezi moja la kujenga ambalo limezunguka sehemu nyingi duniani, kuanzia kumbi za mikutano ya makampuni hadi madarasa ya shule za msingi. Timu ya watu wanne hupewa vijiti 20 vya tambi mbichi ndefu, utepe wa gundi wa sentimita 90 hivi, uzi wa urefu huohuo, na pipi moja laini, ile nyeupe iliyovimba kama sifongo. Muda ni dakika 18. Jengeni mnara unaosimama wenyewe, pipi ikae kileleni. Mnara mrefu kuliko yote ndio unaoshinda.

Aliyelibuni ni Peter Skillman. Aliyelipa umaarufu ni Tom Wujec, Mkanada aliyelielezea hadharani mwaka 2010 baada ya kuliendesha katika warsha kama 70 na watu wa kila aina. Kwa maelezo yake, mnara wa kawaida hufika sentimita 50 hivi. Vijana waliotoka kuhitimu shahada za biashara hufika karibu nusu ya hapo, na wanasheria huwazidi kidogo tu. Wahandisi na wasanifu majengo ndio wanaoongoza, na ingekuwa aibu wasiongoze. Watoto wa chekechea, ambao hata kufunga kamba za viatu bado ni mtihani, huwapita watu wazima wengi.

Hizo ni kumbukumbu za mwendesha warsha, hazikutoka maabara, kwa hiyo tusigombanie sentimita. Kinachovutia ni sababu.

Watu wazima huanza kwa kuongea. Nani atakuwa kiongozi? Tujenge umbo gani? Kisha wanachora, wanapanga, wanaanza kuunganisha tambi kwa uangalifu mkubwa, mnara unapanda. Zikibaki sekunde chache, mmoja anaiweka pipi kileleni, wote wanarudi nyuma kuangalia kazi yao, na mnara unainama, unapinda, unalala mezani. Muda umekwisha. Mpango wao ulikuwa mmoja tu, na ulipimwa mara moja tu, tena dakika ya mwisho.

Watoto hawapitii mlango huo. Wanachukua pipi kwanza, wanaichoma kijiti, wanakisimamisha. Kimeanguka. Wanaongeza cha pili. Kimesimama, kibaya lakini kimesimama. Wanapandisha kidogo, wanaona kinayumba, wanarekebisha. Dakika 18 zikiisha wameshajenga minara mitatu au minne, na kila mmoja umewafundisha kitu kabla hawajaugeuza kuwa mwingine.

Pipi yenyewe ni laghai. Ukiishika unaona kitu chepesi, lakini juu ya kijiti chembamba cha tambi ni mzigo wa haja. Kijiti kilichosimamishwa hakiharibiki kwa kusagwa, huharibika kwa kupinda katikati. Mwanahisabati Leonhard Euler alilieleza jambo hili katika karne ya 18: mzigo ambao nguzo nyembamba inaweza kubeba kabla ya kupinda hupungua kwa mraba wa urefu wake. Ukirefusha nguzo mara mbili, uwezo wake unabaki robo. Ukirefusha mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana timu iliyofika pazuri ikasema "tuongeze kijiti kimoja tu" hupoteza kila kitu kwa ghafla. Mtoto wa miaka sita hajui mraba wala robo, lakini baada ya kuangusha mara mbili anajua kwamba kijiti kirefu ni dhaifu, na anakifunga katikati kwa kijiti kingine kukikata urefu. Fomula hiyo ameipata kwa vidole.

Hapo ndipo swali la darasani linapoingia. Kufundisha kwa kuunda vitu ni wazo la zamani. Friedrich Fröbel alianzisha kituo chake cha watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, akiwapa vitalu vya mbao na maumbo ya kuchezea kama nyenzo za kufikiri. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi na mwanasaikolojia wa watoto Jean Piaget kule Geneva kabla ya kuhamia Marekani, alishiriki kutengeneza lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye watoto waliitumia kumwamuru "kobe", roboti ndogo ya kuchora. Hoja yake ilikuwa kwamba maarifa hujengeka vizuri zaidi mtu anapounda kitu halisi ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Kitu kikiwa mezani, kosa linaonekana. Likiwa kichwani peke yake, linaweza kukaa miaka na hakuna anayejua.

Chukua mfano wa daraja la karatasi, ambalo kwa maoni yangu ni zoezi bora kuliko la tambi, kwa sababu halihitaji kitu kisichopatikana darasani. Weka vitabu pande mbili, uache nafasi ya sentimita 20 kati yao. Toa karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, useme: daraja libebe sarafu nyingi kadiri iwezekanavyo. Karatasi ikilazwa hivihivi, inazama kwa sarafu moja au mbili. Haitachukua muda kabla mwanafunzi mmoja hajaanza kuikunja mikunjo ya kwenda na kurudi, na daraja linabeba sarafu nyingi ambazo dakika tano zilizopita zingeonekana mzaha.

Karatasi ni ileile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni kimo. Daraja linapopinda, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa, huku sehemu ya katikati ikifanya kazi ndogo. Karatasi iliyolazwa ina unene wa sehemu ya kumi hivi ya milimita, kwa hiyo juu na chini zimekaribiana mno, hazina nguvu ya kupingana na mzigo. Mikunjo ya sentimita moja inazitenganisha mara mia zaidi.

Kisha linakuja jambo zuri zaidi. Ukiendelea kuongeza sarafu, mikunjo haivunjiki, inatanuka pembeni na kulala. Kundi lililoinama likatazama kwa makini litaliona hilo, na litaomba kipande cha pili cha karatasi walibandike chini ya mikunjo kuizuia isifunguke. Bila kuambiwa, wamefika kwenye siri ya ubao wa boksi: tabaka lililokunjwa, likashikwa na karatasi nyoofu juu na chini. Mwalimu akiwachania boksi kuukuu wakati huo, watachungulia pembeni yake kwa macho tofauti kabisa na ambayo wangechungulia asubuhi.

Angewachania mwanzoni, je? Wangeiga. Kuna utafiti wa Elizabeth Bonawitz, Laura Schulz na wenzao, uliochapishwa mwaka 2011, unaoonyesha hatari hiyo kwa uwazi. Watoto wa umri wa chekechea walipewa kichezeo kigeni cha mabomba chenye mambo kadhaa yaliyojificha: sehemu ya kulia, taa, muziki, kioo. Baadhi yao walionyeshwa na mtu mzima, kwa sauti ya kufundisha, jinsi kinavyolia. Wengine walimwona mtu mzima akikigusa kikalia kana kwamba ni kwa bahati. Waliofundishwa walibonyeza kilichofundishwa wakaridhika mapema. Wale wengine walichokonoa zaidi na kugundua mengi zaidi. Mtoto ana akili ya haraka: mwalimu akishaonyesha, mtoto anahitimisha kwamba kama kungekuwa na kingine angekionyesha pia.

Ndiyo sababu sizisifu zile kazi za mikono ambazo mwalimu anatundika sampuli ubaoni na mwisho wa kipindi darasa zima lina samaki wa karatasi wanaofanana mpaka magamba. Mikono imefanya kazi, sawa, na ustadi wa kukata na kubandika una faida yake. Lakini uamuzi wote ulifanywa na mwalimu jana yake usiku.

Hata hivyo, kumwachia mtoto kila kitu nako ni kosa, na hapa wapenzi wa ubunifu huwa hawapendi kusikia. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala kali wakisema kwamba anayeanza kujifunza, akiachwa bila mwongozo, huzidiwa: akili inayoshika mambo ya papo kwa papo ina nafasi finyu, na ikijaa kwa kutafuta pa kuanzia haibaki nafasi ya kuelewa. Wana hoja. Mtoto anayehangaika na gundi isiyoshika kwa nusu saa hajifunzi nguvu za miundo, anajifunza kuchukia gundi.

Jibu linaloniridhisha linatoka kwa Manu Kapur, aliyeanza kuchapisha mwaka 2008 kuhusu kile anachokiita kushindwa kwenye manufaa. Katika mpangilio wake wanafunzi huanza na tatizo wasilolijua, wanapapasa, wanatoa majibu yasiyotimia, halafu ndipo mwalimu anafundisha kanuni rasmi akianzia kwenye majaribio yao. Wengi wa waliofundishwa hivyo walielewa kwa kina zaidi kuliko waliopewa kanuni kwanza kisha mazoezi. Kwa hiyo maelezo hayaondolewi, yanasogezwa mbele. Darasa lililotoka kuona mikunjo ikitanuka lina kiu ya kujua sababu, na mwalimu akiichora ubaoni dakika hiyo hana haja ya kuomba utulivu.

Na zawadi? Wengi hudhani shindano bila zawadi halinogi. Wujec aliwahi kuweka zawadi ya thamani ya dola 10,000 za Marekani kwa timu kumi za wanafunzi wa kubuni. Hakuna hata mnara mmoja uliosimama. Miezi minne baadaye aliwarudia walewale, wakiwa sasa wameshaelewa thamani ya kujaribu mapema, na wakawa miongoni mwa waliofanya vizuri. Zawadi kubwa iliwafanya walenge kileleni moja kwa moja, na ujuzi wa kupapasa haukuwepo wa kuwaokoa.

Kwa watoto kuna la kusikitisha zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wengine walichora bila ahadi, na kati yao kuna waliopewa cheti bila kutarajia. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walizitumia kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua, na kibarua bila ujira nani anakitaka? Kumbuka cheti cha kushtukiza hakikuwa na madhara hayo. Sumu ilikuwa kwenye ahadi.

Basi mwalimu anayetaka kujaribu afanyeje? Masharti yawe machache na makali. Karatasi moja, si rundo. Utepe mfupi kiasi cha watoto kuukata kwa kusitasita. Vifaa vikiwa vingi, watoto huongeza gundi pale ambapo wangefikiri. Kipimo kiwe kinachoonekana na wote bila hakimu: limebeba sarafu ngapi, kimeenda hatua ngapi, yai limepasuka au halikupasuka. Kipimo cha "kazi nzuri zaidi" huleta ugomvi, na humrudisha mwalimu katikati ya kila kitu.

Muhimu kuliko yote, muda wa jaribio la pili uwepo. Kipindi cha dakika 40 kikitumika chote kwenye jaribio moja, watoto wamefanya kama wale wahitimu wa biashara. Afadhali kujenga dakika kumi, kupima wote, kutembea kuangalia meza za wenzao, kisha kujenga upya kwa dakika kumi na tano. Kuiga wazo la jirani kwenye awamu ya pili kuruhusiwe waziwazi, maana kuchukua wazo la mtu na kuliboresha ndiyo kazi yenyewe. Na mwalimu ashike mikono yake nyuma, kwa maana halisi ya maneno. Nimewaona watu wazima wenye nia njema wakinyoosha mkono "kusaidia kidogo tu", na mtoto akarudi nyuma akawa mtazamaji wa kazi yake mwenyewe.

Kelele zitakuwepo. Silabasi nayo ipo, na mtihani hauna swali la daraja la sarafu. Zoezi la namna hii kila siku ni anasa, lakini moja kwa kila mada kubwa, likiwekwa kabla ya somo lenyewe, halimli mwalimu muda kama anavyohofia, kwa kuwa maelezo yanayofuata huenda kasi.

Kwa anayelazimika kuandika alama, zisitolewe kwa idadi ya sarafu. Kila kundi liandike daftarini mistari miwili mitatu: daraja la kwanza lilishindwa wapi, tukabadilisha nini, na tulidhani kitatokea nini. Kundi ambalo daraja lao lilianguka lakini linaweza kuonyesha kwa kidole mkunjo ulioanza kutanuka lipate alama zaidi ya kundi ambalo lao lilisimama na halijui kwa nini.