Burundi na ugaidi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Burundi ni nchi ndogo isiyo na bahari, wapiganaji wa al-Shabaab wa Somalia wana shida gani nayo?

Ukweli: Wanayo tangu Desemba 2007, askari wake wa kwanza waliposhuka Mogadishu kujiunga na Waganda katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Julai 11, 2010, mabomu ya al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 jijini Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na Bujumbura nayo ikatishiwa. Siku iliyofuata mwandishi wa habari wa Burundi Jean-Claude Kavumbagu aliandika kwamba vyombo vya usalama vya Burundi havina ubavu wa kuzuia shambulio kama lile. Akakamatwa kwa uhaini. Alikaa rumande miezi 10 kabla ya mahakama kumfutia kosa hilo, Mei 2011.

Dhana: Jeshi la nchi iliyotoka vitani ni la kuokoteza.

Ukweli: Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wa kumaliza vita ya wenyewe kwa wenyewe Burundi, ulitaka kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na waasi wa jana wakavaa sare moja na waliokuwa wakiwasaka. Jeshi hilohilo lilishika zamu Somalia kwa miaka mingi, likazika wengi baada ya kambi yake ya Leego huko kuvamiwa na al-Shabaab Juni 2015.

Dhana: Mwenye bunduki ni gaidi, na anayemhoji ni mwenzake.

Ukweli: Hapa ndipo penye kazi, kwa maoni yangu. Usiku wa Septemba 18, 2011, watu wenye silaha waliingia kwenye baa moja Gatumba, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo, wakaua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakinywa bia zao. Hao hawakutoka Somalia. Lilikuwa deni la vita ya ndani, kati ya watu wanaojuana, na deni la namna hiyo halimalizwi kwa kubadilisha jina la mdeni.

Lakini jina hilo la gaidi ni tamu kwa mwendesha mashtaka. Miezi miwili baadaye mwandishi wa habari Hassan Ruvakuki, ambaye wasikilizaji wa redio ya RFI Kiswahili wanamjua, alikamatwa kwa kwenda kurekodi sauti za kundi jipya la waasi. Juni 2012 mahakama ya Cankuzo ikampa kifungo cha maisha kwa ugaidi. Kwenye rufaa ugaidi ukayeyuka, ikabaki miaka 3 kwa kushirikiana na wahalifu, na Machi 2013 akaachiwa.