Mwendo wa Dunia, Barafu ya Kaskazini na Maji ya Ruzizi

Mtu anayevuka mto Ruzizi kwa miguu kwenye mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, kati ya mji wetu wa Bukavu, nchini Kongo, na Rwanda, akasimama kidogo kutazama maji yanavyotoka Ziwa Kivu, anaweza kudhani kwamba mto huo umekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Miaka 20,000 iliyopita hapakuwa na maji yaliyotoka ziwani kuelekea kusini. Ziwa lenyewe lilikuwa mamia ya mita chini ya kiwango chake cha leo, na ghuba ya Bukavu, ambayo kina chake ni takriban mita 100 tu, ilikuwa bonde kavu. Wakati huohuo bahari kuu, duniani kote, ilikuwa imeshuka kwa mita 120 hadi 130. Mambo haya mawili, la hapa kwetu na la pwani, yana asili moja ya mbali, nayo ni namna dunia inavyolizunguka jua. Walimu na wanafunzi wa sekondari hapa mjini hutuuliza mara kwa mara kuhusu jambo hili, na wapo wanaolitumia visivyo wanapozungumzia joto la miaka yetu; kwa hiyo inafaa lielezwe kwa utaratibu.

Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili bali ni duaradufu, na umbo lake hubadilika polepole kwa sababu ya mvuto wa sayari nyingine, hasa Mshtarii na Zuhura. Hukaribia duara, kisha hurefuka tena, kwa vipindi vya takriban miaka 100,000 na vingine vya takriban miaka 400,000. Mhimili wa dunia nao umeinama. Leo mwinamo huo ni digrii 23.4, lakini hupanda na kushuka kati ya digrii 22.1 na 24.5 katika muda wa miaka 41,000. Tena mhimili huohuo huyumba kama pia ya watoto inayoanza kuishiwa nguvu, na kuyumba huko hubadilisha msimu ambao dunia huwa karibu zaidi na jua, kwa marudio ya miaka 19,000 hadi 23,000. Siku hizi tunalikaribia jua mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilometa milioni 147, na tunakuwa mbali nalo mwanzoni mwa Julai, kilometa milioni 152. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuufanya mwanga unaotufikia utofautiane kwa karibu asilimia 7 kati ya miezi hiyo miwili. Miaka 11,000 iliyopita mambo yalikuwa kinyume: dunia ililikaribia jua katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi cha kaskazini, yaani msimu wa joto wa nchi za huko.

Ni muhimu kuelewa kwamba mienendo hii haibadilishi sana jumla ya joto ambalo dunia nzima hupokea kwa mwaka. Inachobadilisha ni mgawo: mahali gani panapata zaidi, na katika msimu gani. Mskoti James Croll, aliyejielimisha mwenyewe akiwa mlinzi wa jengo la chuo huko Glasgow, alitoa hoja hii mwaka 1864, ila alidhani kwamba majira ya baridi kali ndiyo yanayozalisha barafu. Aliyeipa hoja hiyo hesabu kamili ni Mserbia Milutin Milanković, ambaye alifanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa kizuizini mjini Budapest wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na akaikamilisha katika kitabu chake cha mwaka 1941. Mtaalamu wa hali ya hewa Wladimir Köppen alimwelekeza kwenye jambo la msingi, kwamba msimu wa kuangaliwa ni kiangazi. Theluji huanguka kila majira ya baridi katika nchi za kaskazini, hilo si ajabu. Ajabu ni kiangazi kinachoshindwa kuiyeyusha. Mwinamo ukipungua, na kiangazi cha kaskazini kikiangukia wakati dunia iko mbali na jua, theluji ya mwaka huu hubaki, ya mwaka ujao huilalia juu, na baada ya maelfu ya miaka uzito wake huigeuza kuwa barafu.

Kaskazini ndiko kunakoamua kwa sababu ya ardhi. Kulizunguka eneo la ncha ya kaskazini kuna mabara mapana ambayo barafu inaweza kuyatambaa, ilhali Antaktika imezingirwa na bahari pande zote. Wakati barafu ilipofikia upeo wake, takriban miaka 21,000 iliyopita, karibu Kanada yote ilifunikwa na barafu ambayo sehemu nyingine ilikuwa na unene wa kilometa 3, na Skandinavia nayo ilizama chini ya barafu yake. Uzito huo uliididimiza ardhi. Hadi leo pwani za kaskazini mwa Uswidi na Ufini bado zinainuka, kwa karibu sentimita 1 kila mwaka, zikirudi mahali pake kama godoro lililoondokewa na mlalaji.

Maji ya barafu hiyo yote yalitoka baharini. Bahari huvukiza, mvuke husafiri, theluji huanguka nchi kavu, na badala ya kurudi kwa njia ya mito, maji hubaki huko juu. Hivyo ndivyo bahari ilivyoshuka. Unguja iliungana na bara la Tanganyika kwa ardhi kavu, kwa kuwa mkondo unaoitenga hauna kina kirefu, lakini Pemba, ambayo mkondo wake una kina kirefu sana, ilibaki kisiwa. Ikumbukwe kwamba barafu inayoelea haiongezi kimo cha bahari inapoyeyuka, kwa sababu tayari imekwisha kuchukua nafasi yake ndani ya maji. Inayohesabika ni ile iliyoketi juu ya ardhi.

Ushahidi haukutokana na hesabu peke yake. Mwaka 1976 wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walichapisha uchambuzi wa tope lililochimbwa chini ya Bahari ya Hindi. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo mno, na oksijeni iliyomo katika magamba hayo huonyesha ni kiasi gani cha maji kilikuwa kimefungwa katika barafu wakati viumbe hao walipoishi. Vipindi walivyovikuta vilikuwa vilevile vya miaka 100,000, 41,000 na takriban 23,000. Baadaye barafu ya Antaktika, iliyochimbwa hadi ile yenye umri wa miaka 800,000, ilitoa hewa ya kale iliyonaswa katika mapovu. Katika zama za baridi hewa ukaa, ambayo huzuia joto lisitoke duniani, ilikuwa sehemu 180 hadi 190 hivi katika milioni, na katika zama za joto karibu 280. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwendo wa dunia huanzisha tu. Barafu nyeupe hurudisha mwanga angani na kuzidisha baridi, bahari baridi humeza hewa ukaa na kuizidisha baridi hiyo tena, na joto linapoanza kurudi mambo hayohayo hugeuka upande wa pili. Barafu hujengeka kwa makumi ya maelfu ya miaka lakini huyeyuka katika kama miaka 10,000. Takriban miaka 14,600 iliyopita bahari ilipanda kwa zaidi ya mita 10 katika karne chache.

Sisi wa karibu na ikweta hatukuwa na barafu ila milimani. Katika Ruwenzori barafu ilishuka hadi mabondeni, maelfu ya mita chini ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na mawe iliyoyasukuma yangali yamepangana kama kuta. Kwa nchi za tambarare, baridi ya dunia ilimaanisha ukame, kwa kuwa bahari baridi hutoa mvuke mchache. Ziwa Viktoria lilikauka kabisa. Watu waliokuwa wakivua samaki Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, waliishi katika zama hizo. Kisha jua la katikati ya mwaka likapata nguvu kaskazini, mvua za Afrika zikaongezeka, Sahara ikaota nyasi, na Kivu likajaa. Kwa upande wa kaskazini volkeno za Virunga zilikuwa zimelifungia njia. Kwa hiyo takriban miaka 10,000 iliyopita maji yakapata mwanya hapa Bukavu na kumwagika kuelekea Ziwa Tanganyika, kisha mito ya Lukuga na Lualaba, hadi baharini huko Banana. Umeme tuupatao kutoka bwawa la Ruzizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 unategemea mwanya huo.

Wanaosema kwamba joto la leo ni zamu ya kawaida ya mzunguko huu wanakosea, na kosa lao linaweza kupimwa. Mwanga wa kiangazi cha kaskazini umekuwa ukipungua kwa takriban miaka 11,000. Mienendo ya dunia peke yake ingetupeleka polepole kwenye ubaridi. Kinyume chake hewa ukaa imepita sehemu 420 katika milioni kwa sababu ya makaa, mafuta na ukataji wa misitu, na bahari imepanda zaidi ya sentimita 20 tangu mwaka 1900, kwa kasi inayoongezeka. Takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati mienendo hiyohiyo ilipoipasha joto nusutufe ya kaskazini kuliko leo, bahari ilisimama mita kadhaa juu ya hapa ilipo sasa, na barafu ya Grinlandi pekee, ikiyeyuka yote, ingeiongeza mita 7. Nchi yetu ina ukanda mwembamba wa pwani, wa kilometa zisizofika 50, huko Muanda na Banana, na mawimbi yanaula. Kwenye Ruwenzori, barafu iliyokuwa na eneo la zaidi ya kilometa za mraba 6 mwaka 1906 sasa haifiki hata kilometa 1 ya mraba, na maji yake yaliyokuwa yakishuka kuelekea Semliki mwaka hadi mwaka yanazidi kupungua.