Mji wa Mahujaji Haupangwi kwa Kamera

Nimechoka kusoma mipango ya miji inayoanza na kamera. Ya juzi imeletwa na kijana anayefanya mafunzo kwa vitendo hapa ofisini kwetu Iringa. Amechagua mada nzuri, namna ya kuugeuza mji wa kale wa mahujaji kuwa mji janja, yaani mji unaoendeshwa kwa msaada wa teknolojia, na amesoma kweli. Ukurasa wa kwanza kamera, wa pili programu ya simu, wa tatu taa zinazojiwasha, wa nne chumba cha udhibiti chenye skrini ukuta mzima. Nilipofika mwisho nikamuuliza, "Mdogo wangu, vyoo viko wapi?" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mwalimu, vyoo si huduma za kawaida tu? Mimi nilikuwa naandika kuhusu mji janja."

Kauli hiyo nimeisikia kwenye vikao vya wadau, kwenye semina Mbeya, kwa madiwani, kwa wahandisi, hata kwa wapangamiji wenzangu tuliosoma darasa moja. Wote wanaamini mji unakuwa janja siku vifaa vinapofungwa. Acha niandike mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Tuanze na idadi ya watu, maana hapo ndipo mipango mingi ya miji ya hija inapoharibikia. Mpango kabambe wa kawaida unachukua takwimu za sensa, unaweka kasi ya ongezeko, unapiga hesabu ya miaka 20 mbele. Kwa Njombe au Makambako inatosha kuanzia. Mji wa mahujaji una wakazi na una wageni, na wageni hawaji kwa wastani. Makka ya Mfunguo Tatu na Makka ya miezi mingine ni miji miwili inayotumia mabomba yaleyale. Namugongo ya tarehe 3 Juni, wanayoijua vizuri Wakatoliki wanaosafiri kutoka huku kwenda kuhiji Uganda, haifanani kabisa na Namugongo ya Septemba. Ukichukua mahujaji wa mwaka mzima ukawagawa kwa 365, unapata namba ya kupendezesha jedwali na isiyomsaidia mtu yeyote siku yenyewe.

Kama hujawahi kuhiji, fikiria Uyole wiki ya Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale vimetulia karibu mwaka mzima, kisha mwanzoni mwa Agosti watu wanamiminika kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na wengi wao wanapita barabara ileile inayobeba malori ya Tunduma. Hakuna programu ya simu itakayoipanua barabara siku hiyo. Utapanga mapema nani aingilie wapi, magari yaishie wapi, watu watembee kutoka wapi, au utakaa unatazama foleni kwenye skrini.

Sasa niseme la kamera, kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Tarehe 12 Januari 2006, mahujaji wasiopungua 346 walikufa kwa msongamano pale Jamarat, Mina, karibu na Makka, penye nguzo ambazo mahujaji huzirushia vijiwe, kwenye lango la kupandia daraja la kuzifikia. Kamera zilikuwapo. Zilirekodi. Baadaye Dirk Helbing, mtafiti wa mienendo ya umati, na wenzake walizichambua picha zile za video na wakaonyesha hatua kwa hatua kilichotokea: kwanza umati ulitembea kwa ulaini, kisha ukaanza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kama mawimbi yanayorudi nyuma, na mwisho watu wakawa wanasukumwa huku na huku bila mtu yeyote kuamua aende wapi. Dalili zilionekana kwenye picha kabla watu hawajaanguka. Lakini hata ungekuwa umekaa mbele ya skrini ukaziona, ungefanya nini? Nyuma maelfu wanaendelea kuja wasijue kinachotokea mbele, na mkondo wote unabanwa kwenye lango moja. Tatizo lilikuwa kwenye umbo la mahali na kwenye ratiba.

Na huko ndiko tiba ilikokwenda. Nguzo zenyewe zilikuwa zimeshageuzwa kuwa kuta ndefu mwaka 2004, ili watu wasizunguke kigingi kimoja bali wajipange kando ya ukuta. Baada ya 2006 daraja la zamani likabomolewa, likajengwa jipya la ngazi kadhaa, lililokusudiwa kupitisha mahujaji 300,000 kwa saa. Kuingia njia moja, kutoka njia nyingine. Makundi yakapangiwa saa za kwenda kurusha vijiwe. Kamera zikaongezwa pia, sikatai, lakini zilikuja kusimamia mkondo ambao tayari ulikuwa na pa kupita. Ukiuondoa mpangilio ule ukaziacha kamera, umerudi 2006.

Msidhani nasema ujenzi ulimaliza kazi. Tarehe 24 Septemba 2015, watu wengine wengi walikufa palepale Mina, na Watanzania walikuwamo. Serikali ya Saudia ilitoa idadi ya 769. Hesabu zilizojumlishwa kutoka nchi za mahujaji zilipita 2,000. Daraja lilikuwa zima. Msongamano ulitokea kwenye makutano ya mtaa wa 204 na wa 223, njiani kuelekea huko. Hili huwa linanisumbua sana. Ukipanua sehemu moja ya mkondo, mkazo unahamia nyingine, na sijawahi kuona mpango uliofuata mkondo wa hujaji kuanzia kitandani mwake mpaka ibadani na kurudi, hatua zote, bila kuruka kona hata moja. Vitabu vyetu vinafundisha kana kwamba inawezekana. Mimi nina mashaka.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna akili mnemba. Haya, twende Prayagraj, India, kwenye Kumbh Mela ya 2025, mkusanyiko mkubwa wa hija wa Wahindu. Kulikuwa na kamera kwa maelfu, nyingine zenye akili mnemba ya kuhesabu umati, pamoja na chumba cha udhibiti. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari, siku kubwa ya kuoga mtoni, watu walikanyagana karibu na makutano ya mito, na idadi ya kwanza iliyotangazwa rasmi ilikuwa 30 waliokufa. Simlaumu mtu aliyekuwa zamu. Nasema tu kwamba mashine ilihesabu, na kuhesabu hakumwongezei mtu nafasi ya kupita.

Mwambieni mwanafunzi yeyote achukue futi kamba kabla ya kushika kompyuta. Hesabu tunayoanzia ni hii: mita moja ya upana, kwenye tambarare, watu wakitembea bila kizuizi, hupitisha takriban watu 80 kwa dakika. Chukua uchochoro wa mita 6. Kwenye karatasi unapitisha watu 480 kwa dakika, yaani 28,800 kwa saa. Sasa nenda Mashine Tatu hapa Iringa utazame uchochoro ulivyo kweli. Meza ya machinga upande huu imekula mita moja, ya upande wa pili imekula mita moja, na mbele ya kila meza amesimama mteja anayebishana bei, naye anachukua nusu mita. Zimebaki mita 3. Uwezo wako umeshuka mpaka 14,400 kwa saa, na hakuna mtu aliyevunja sheria yoyote inayoonekana kwenye ramani.

Na hapo msikimbilie kuwafukuza machinga. Mji wa hija unaishi kwa biashara hiyo. Anayeuza tasbihi, maji, mishumaa na chakula ndiye anayemlaza hujaji na kumlisha. Wapangie pembeni pa njia, kwenye viwanja vilivyoachwa wazi kwa ajili yao, na uandike upana unaobaki kwenye mchoro, siyo upana wa hifadhi ya barabara, yaani eneo lote lililotengwa kwa ajili ya barabara. Watu wa mipango tunapenda kuandika upana wa hifadhi. Hujaji hapiti kwenye hifadhi, anapita kwenye kilichobaki.

Hata hiyo 80 siiamini sana kwa mji wa mahujaji. Ni hesabu ya watu wazima wenye nguvu kwenye sakafu nzuri. Mahujaji wanatembea kwa familia, wameshikana mikono, bibi yuko katikati, wengine peku juu ya mawe, wengine wanasimama ghafla kuomba. Weka mteremko kama huu wa kutoka Iringa mjini kushuka Ipogolo na hesabu inabadilika kabisa. Mimi hupunguza robo, wakati mwingine zaidi, na sina kitabu cha kunitetea. Ninachojua ni kwamba watu wakishafika 6 au 7 kwa mita moja ya mraba, hakuna tena kutembea. Mwili unabebwa tu.

Tuje kwenye maji taka. Varanasi, mji mtakatifu ulio kando ya Ganges, una ngazi za kuogea zaidi ya 80 zinazoshuka mtoni. Mwaka 1986 serikali ya India ilianza mpango mkubwa wa kuusafisha mto huo. Mitambo ya kusafisha na pampu za kusukuma maji taka zikajengwa. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na maji taka yanarudi kwenye njia yake ya zamani, mtoni. Aliyelipigia kelele jambo hili miaka mingi ni Veer Bhadra Mishra, aliyefariki 2013. Huyu alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji. Asubuhi alishuka mtoni kuoga kama ibada inavyomtaka, na taasisi aliyoianzisha mwaka 1982 ikapima maji yaleyale kwenye maabara. Alitaka mifumo inayotumia mteremko wa asili, isiyotegemea umeme unaokatika. Kwangu mimi huyo ndiye mpangaji wa mji janja, na hakuhitaji skrini kuuona mto wake.

Wenzangu wa Mbeya mnaoishi juu ya miteremko ya Loleza, mnanielewa. Maji yakishuka yenyewe, yaache yashuke yenyewe. Pampu iwe ya mwisho kabisa kuchorwa.

Kwenye Kumbh Mela ya 2019 waliweka vyoo zaidi ya 120,000. Namba hiyo inanifurahisha kuliko takwimu zote za kamera. Mpangilio wa vyoo una maswali magumu kuliko watu wanavyodhani: gari la kunyonya litafikaje katikati ya umati, litapita saa ngapi, litamwaga wapi, foleni ya wanawake itaishia wapi isizibe njia. Viwango vya dharura vinaanza na tundu moja la choo kwa watu 50, kisha vinashuka hadi 20 hali ikitulia. Piga hesabu yako ya siku ya kilele halafu uniambie kama bado una hamu ya kuanza na taa zinazojiwasha.

Varanasi ina jambo jingine ambalo sijalimaliza moyoni. Korido ya hekalu la Kashi Vishwanath ilizinduliwa Desemba 2021. Ili kuifungua njia kutoka hekaluni hadi mtoni, nyumba na majengo zaidi ya 300 yalinunuliwa na kuvunjwa, na wakati wa kuvunja yakaonekana mahekalu ya kale zaidi ya 40 yaliyokuwa yamefunikwa na nyumba hizo. Kwa mtu wa umati kama mimi, korido ile ni nafuu. Vile vichochoro vilikuwa hatari. Lakini vichochoro vyenyewe ndivyo vilivyokuwa mji. Watu walizaliwa mle, wakafanya kazi mle, na hujaji wa miaka 200 iliyopita alipita mlemle. Makka nako ngome ya Ajyad ya Waturuki ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pake pamesimama minara ya hoteli. Nikiulizwa ningevunja au nisingevunja Varanasi, sina jibu la kujivunia. Ningeanza na ratiba na njia za kuingia upande mmoja, ningejaribu misimu kadhaa, ndipo nizungumzie tingatinga. Huenda ningeshindwa.

Ardhi nitaipitia haraka. Bila kujua nani anamiliki nini, hulipi fidia na hupanui chochote. Tanzania tumefanya zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, nyumba zikapata namba na mitaa ikapata majina. Watu waliliona kama kubandika vibao. Kwangu huo ndio msingi wa mji janja tulio nao tayari, maana gari la wagonjwa na gari la kunyonya vyote vinahitaji kujua mlango ulipo. Unganisha anwani na urasimishaji wa makazi, mtendaji wa mtaa awe na orodha hai, na umefanya kazi kubwa.

Vifaa vije baada ya hapo, na vikija navipenda. Kihisi cha kupima kina cha maji kwenye tangi, mita ya kugundua bomba linalovuja usiku, kaunta kwenye lango inayomwambia mwenye zamu afunge lango na awapeleke watu njia ya pili. Angalia hapo: lazima njia ya pili iwepo, na lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kufunga bila kupiga simu kwa wakubwa wanne. Usajili wa mahujaji kwa simu nao unasaidia kugawa saa, ingawa unaniachia wasiwasi juu ya bibi asiye na simu ya kisasa aliyekusanya nauli miaka yote. Mfumo ukimkosa kwenye orodha hatarudi nyumbani, atapita njia isiyo rasmi, na huko hakuna anayehesabu.

India ilianzisha mpango wake wa miji janja Juni 2015, miji 100 ikachaguliwa, na yote ikajengewa vyumba vya udhibiti. Mpango ulifungwa Machi 2025. Vyumba bado vipo, na kila kimoja kinataka umeme, mafundi, vipuri na leseni za programu kila mwaka. Kwa hiyo kwa yeyote atakayeniletea rasimu, ukurasa wa bajeti uwe na safu tatu: gharama ya kununua, gharama ya kuendesha kwa miaka 10, na jina la idara itakayolipa fedha za wafadhili zikiisha. Safu ya tatu ikiwa tupu, kifaa hicho kiondolewe na fedha zake zihamishiwe kwenye mitaro.