Je, wajua raundi moja ilivyompa Alan Kulwicki ubingwa wa NASCAR?

Jumapili ya tarehe 15 Novemba 1992, katika kiwanja cha mbio za magari cha Atlanta, jimbo la Georgia, Bill Elliott alikata mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Alan Kulwicki akaingia nyuma yake. Dakika chache baadaye yule wa pili ndiye aliyetangazwa bingwa wa Marekani wa msimu mzima. Siku hiyo Elliott alikuwa ameongoza raundi 102. Kulwicki aliongoza 103.

Msimu ulikuwa na mashindano 29, kuanzia Februari hadi Novemba, na ukaamuliwa na raundi moja ya kiwanja chenye mzunguko wa kilomita mbili na nusu hivi. Inawezekanaje?

Tuanze na hesabu. NASCAR ni mbio za magari yenye sura ya magari ya kawaida ya barabarani, yanayozunguka kwenye kiwanja cha duara, mara nyingi magari karibu arobaini kwa pamoja. Sisi tuliozoea Safari Rally tunaijua mbio ambayo kila gari hushindana na saa. Huku madereva wanabanana bega kwa bega, na anayetangulia anaonekana kila raundi. Ndiyo maana kanuni za wakati ule zililipa pointi hata kwa kutangulia. Mshindi wa shindano alipata 175, wa pili 170, wa tatu 165, na kushuka hivyo. Dereva yeyote aliyeongoza walau raundi moja aliongezewa 5. Na yule aliyeongoza raundi nyingi kuliko wenzake wote alipewa 5 nyingine.

Sasa jumlisha. Elliott alishinda Atlanta, 175, akaongezewa 5 za kuongoza: 180. Kulwicki alipata 170 za nafasi ya pili, 5 za kuongoza, na 5 za kuongoza raundi nyingi zaidi: 180. Siku hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Lakini Kulwicki alikuwa ameanza shindano akiwa mbele ya Elliott kwa pointi 10, kwa hiyo akamaliza nazo zilezile, 4,078 kwa 4,068.

Chukua raundi moja tu kutoka kwa Kulwicki umpe Elliott. Zile 5 zinahama. Elliott anakuwa na 185, Kulwicki 175, pengo la pointi 10 linafutika, na wawili hao wanalingana. Wakilingana inaangaliwa nani kashinda mashindano mengi zaidi, na msimu ule Elliott alishinda 5, Kulwicki 2. Kombe lingekuwa la Elliott.

Wengi huishia hapo na kusema jamaa alikuwa na bahati. Mimi sikubaliani nao. Raundi ile ilitafutwa kwa kalamu na karatasi, na mtu aliyeitafuta alikuwa amejizoeza kuhesabu tangu ujana wake.

Kulwicki alizaliwa tarehe 14 Desemba 1954 huko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, katika ukoo wenye asili ya Poland. Baba yake alikuwa fundi wa injini za magari ya mashindano. Kijana akaanza na vigari vidogo vya mbio, akapanda hadi viwanja vya mtaani, huku akisoma. Mwaka 1977 alihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Milwaukee. Wakati huo NASCAR ilikuwa mchezo wa watu wa kusini, wa majimbo ya Carolina, Georgia, Virginia na Alabama, watu waliojifunza gari gerejini na si darasani. Yeye alikuja kutembea katikati ya mafundi na mkoba wa ofisini mkononi.

Mwaka 1985 aliuza karibu kila alichokuwa nacho ili ahamie Charlotte, North Carolina, ambako timu kubwa zina karakana zao. Siku mbili kabla ya kuondoka, lori lake likashika moto kwa hitilafu ya umeme. Akaazima pikapu, akafunga trela lake nyuma, akaenda hivyohivyo.

Msimu wa 1986 aliuendesha kwa gari moja na injini mbili. Piga picha: wenzake wakigonga gari Jumapili, Jumatatu wanatoa jingine. Yeye akigonga, analala chini ya lilelile mpaka lipone. Na bado alichaguliwa dereva bora mgeni wa mwaka. Baadaye timu ikawa yake kabisa: yeye ndiye mwajiri, yeye ndiye mtafuta wadhamini, na yeye ndiye anayeshika usukani.

Ushindi wa kwanza ulikuja Phoenix, Novemba 1988, na hapo alifanya jambo ambalo watu hawajalisahau. Magari ya NASCAR huzunguka kinyume cha saa, na dereva anakaa upande wa kushoto. Maana yake dirisha la dereva linatazama katikati ya kiwanja, na mashabiki walioko majukwaani wanaona ubavu mwingine wa gari. Kulwicki alipokwisha kushinda aligeuza gari, akazunguka kiwanja upande usio wake, taratibu, ili dirisha lake liwe upande wa watu. Akawapungia mkono, wakamwona uso. Ulikuwa mzunguko wa furaha, lakini hata humo ulikuwemo uhandisi: alitazama mahali lilipo dirisha na mahali walipo watu, akaona dawa ni kugeuza gari. Likaitwa zunguko la ushindi la Kipolandi, kwa heshima ya asili yake.

Kisha likaja jaribu kubwa. Junior Johnson, mmoja wa wenye timu wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu, alimtaka aendeshe magari yake. Fedha zilikuwepo, injini bora zilikuwepo, mafundi wengi walikuwepo. Kulwicki akakataa. Watu wakamwona kama aliyepoteza akili, hasa mwaka 1991 ulipoanza akiwa hana mdhamini wa kudumu. Lakini katika shindano la Atlanta mwanzoni mwa mwaka huo, kampuni ya migahawa ya Hooters ilijikuta gari ililolidhamini limeshindwa kufuzu, ikahamishia jina lake kwenye gari la Kulwicki, namba 7. Wakakaa pamoja.

Kumbuka jina la Junior Johnson, kwa sababu gari alilokuwa akiendesha Bill Elliott mwaka 1992, namba 11, lilikuwa la Junior Johnson. Kulwicki alikuwa anashindana na kiti alichokikataa mwenyewe.

Na kwa muda mrefu msimu ule ilionekana alikosea. Septemba, katika kiwanja cha Dover, aligonga akatoka mapema. Akajikuta nyuma ya Elliott kwa pointi 278, yamebaki mashindano 6. Kwa kanuni zile, hata ukishinda shindano na mpinzani wako akawa wa 10, unamkata pointi 40 na kidogo tu. Kuziba 278 kulihitaji wewe usikosee na mwenzako aharibikiwe. Yakatokea yote mawili. Gari la Elliott likaanza kumwangusha wiki baada ya wiki, na Kulwicki akawa anamaliza kila shindano mahali panapoeleweka, bila kujitia ushujaa.

Walipofika Atlanta, madereva 6 bado walikuwa na nafasi ya kutwaa ubingwa. Davey Allison ndiye aliyeongoza msimamo, Kulwicki nyuma yake kwa pointi 30, Elliott kwa 40. Wengine watatu walikuwa Harry Gant, Kyle Petty na Mark Martin. Siku hiyohiyo Richard Petty, bingwa mara 7, alikuwa anaendesha shindano lake la mwisho, na kijana wa miaka 21, Jeff Gordon, alikuwa anaendesha la kwanza. Sidhani kama mchezo huu umewahi kuwa na alasiri iliyojaa kama ile.

Gari la Kulwicki lilikuwa Ford Thunderbird. Kwenye bampa la mbele, herufi mbili za mwanzo za jina hilo zilibanduliwa, likabaki "Underbird", mchezo wa maneno wa Kiingereza uliomaanisha kwamba yeye ndiye mnyonge wa kundi. Kwenye nguo yake ya mbio palikuwa na picha ya yule panya wa katuni mwenye nguvu za ajabu.

Mapema tu shindano likataka kumtupa. Alipoingia kwa mafundi mara ya kwanza, gia namba moja ikavunjika. Kwa gari la kawaida ungesema basi tu, nitaanza na namba mbili. Lakini gari la mbio likitoka kwenye vituo vya mafundi linapaswa kufyatuka, na kila sekunde ina bei. Kuanzia hapo, kila aliposimama kubadili tairi na kujaza mafuta, ilibidi atie gia ya nne, gia ya mwendo kasi, na mafundi wake walisukume gari kwa mikono mpaka lishike. Ukilisukuma vibaya, injini inazima. Ikizima, ubingwa umekwenda. Hilo walilifanya mara kwa mara mchana kutwa, na halikuzima.

Zikiwa zimebaki raundi zisizofika 80, gari la Ernie Irvan likapoteza mwelekeo mbele ya Allison, wakagongana. Allison hakuwa na kosa lolote. Ubingwa ukabaki kati ya watu wawili, na watu hao wawili ndio waliokuwa mbele wakipokezana uongozi.

Hapa ndipo hesabu ilipofanya kazi yake. Fundi mkuu wa Kulwicki, Paul Andrews, na wenzake walikuwa wanaandika kila raundi na aliyeiongoza. Waliona mapema kwamba shindano lenyewe huenda Elliott akalichukua, gari lake lilikuwa na nguvu. Lakini ubingwa haukuhitaji ushindi, ulihitaji zile pointi 5. Kulwicki alipokuwa anaongoza huku tangi likielekea kukauka, kishawishi kilikuwa kuingia kujaza mafuta akiwa salama. Hawakumwita. Wakamwacha azunguke, raundi moja, na nyingine, na nyingine, mpaka ya 310 kati ya 328, ndipo akaingia. Alikuwa na raundi 103 mkononi. Wakamtilia mafuta kidogo haraka haraka, wakasukuma, gari likashika.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kwa namna nyingine. Dereva yeyote akimwona mpinzani wake mbele, mguu unataka kukanyaga. Kulwicki alipaswa kuuzuia mguu, atunze mafuta, amwache Elliott aende, na afike wa pili. Kwangu mimi ile ndiyo kazi ngumu zaidi aliyoifanya siku ile, kumwacha mwenzako ashinde mbele ya macho yako kwa kuwa unaamini hesabu yako.

Elliott akashinda shindano. Kulwicki akageuza gari na kuzunguka upande usio wake, kama Phoenix. Kamera za televisheni zikiwa zinamngoja atoke, alibaki kwanza ndani, akatoa kitana, akachana nywele zake vizuri. Ndipo akatoka kuwa bingwa.

Aliushika ubingwa huo kwa miezi isiyofika 5. Tarehe 1 Aprili 1993 alikuwa ametoka kwenye shughuli ya mdhamini wake mjini Knoxville, Tennessee, akielekea Bristol kwa shindano la wiki ile. Ndege ndogo aliyopanda ilianguka ikikaribia kutua karibu na Blountville, baada ya barafu kuingia kwenye injini. Watu wote wanne waliokuwemo walifariki. Kulwicki alikuwa na miaka 38. Alikuwa ameshiriki mashindano 207 na kushinda 5. Mwaka 2019 aliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa NASCAR.

Asubuhi ya kesho yake baada ya ajali, mvua ikinyesha Bristol, lori kubwa lililobeba magari yake liliingia kiwanjani likiwa na shada jeusi usoni. Likazunguka polepole huku watu wa timu nyingine wamesimama kimya kulitazama, kisha likatoka getini kurudi nyumbani. Jumapili Rusty Wallace, ambaye walishindana tangu wakiwa vijana kwenye viwanja vidogo vya kaskazini, alishinda. Akageuza gari lake, akazunguka upande usio wake.

Julai ya mwaka huohuo Davey Allison naye alifariki kwa ajali ya helikopta huko Talladega. Ilipofika Novemba, msimu ukafungwa tena Atlanta. Wallace alishinda shindano, Dale Earnhardt akachukua ubingwa. Wawili hao waligeuza magari yao pamoja, wakazunguka kiwanja kwa namna ya Kulwicki wakipeperusha bendera mbili, moja ya namba 7 na moja ya namba 28, iliyokuwa ya Allison.