Blowa nzima, betri marehemu

Kila mwezi wa tisa, mabibo yakianza kudondoka, wateja wangu ni walewale. Juzi kaja mzee mmoja kutoka Tandahimba, blowa yake ya betri kaifunga kwenye kiroba nyuma ya bodaboda.

"Fundi, mashine imekufa. Na msimu uliopita ilikuwa nzima kabisa."

"Pole mzee wangu. Tangu msimu uliopita umeichaji lini?"

Akacheka tu.

Kwa wasiozijua blowa, ni mashine za kupeperusha majani makavu chini ya mkorosho. Jani linaruka, bibo zito linabaki, na mwokotaji hafukui kama kuku.

Nikafungua betri. Ya volti 18 ina seli tano zimefuatana, kila moja volti 3.6. Nikazipima kwa mita: 3.0, 3.1, 3.0, 0.8, 3.1. Ya nne ndiyo marehemu. Seli ya lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 2.5 hivi. Ikilala chini ya moja kwa miezi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiilazimisha ichaji inaweza kupiga shoti humohumo na kuwaka. Ndiyo maana chaja iligoma na kuwasha taa nyekundu. Ina akili kuliko baadhi yetu mafundi, tunaoichokoza seli kama hiyo kwa nyaya mpaka "iamke".

Seli nzuri huchajiwa mara 300 hadi 500 kabla uwezo wake haujashuka kufikia kama asilimia 80. Mzee huyu anafanya kazi siku hamsini kwa mwaka, anachaji mara mbili kwa siku. Kwa hesabu hiyo alistahili miaka mitatu, pengine mitano. Hakumaliza hata miwili. Betri yake haikuuawa na kazi, iliuawa na likizo: iliwekwa tupu, ikiwa bado imechomekwa kwenye mashine, juu ya kabati chini ya bati, tangu Januari. Hata ikiwa imezimwa, saketi ndogo iliyo ndani ya betri huendelea kunywa kidogokidogo.

Msimu ukiisha, chaji mpaka taa mbili kati ya nne. Usijaze, maana betri iliyojaa nayo huzeeka haraka kwenye joto. Ichomoe, iweke uvunguni mwa kitanda, na kila baada ya miezi miwili uitazame taa zake.

Lalamiko jingine ni "nimeuziwa feki, inaisha dakika kumi". Si feki. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Blowa ikivuta wati 400, dakika kumi na moja kwisha habari. Punguza spidi, majani makavu hayahitaji kimbunga. Na betri ikitoka kazini na moto wake usiikimbize kwenye chaja, iache kivulini nusu saa.

Kuna na wanaoweka ndani ya betri ya blowa seli za laptopu iliyokufa. Wati 400 kwa volti 18 ni ampea 22. Hata ukizipanga mbilimbili, kila seli inabeba 11, wakati ile ya laptopu imezoea ampea chache tu. Utaivuta siku mbili, ya tatu plastiki inanuka.

Mota haina maneno mengi. Safisha wavu wa hewa kwa brashi kavu, kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, zikiisha badilisha. Wa Mikindani na Shangani, huku pwani ya Mtwara, futeni vyuma vya betri, chumvi inavigeuza kijani. Na asiyekuwa na mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa asiigeuze blowa hii kufanya kazi hiyo: vumbi la salfa linashika moto, na kaboni zinatoa cheche.

Mzee nimembadilishia seli zote tano, maana mpya moja katikati ya kongwe nne haisaidii kitu. Jana kapiga simu: uvunguni kuna panya, afanyeje? Nimemwambia atafute ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na asichanganye na misumari.