Waya hauna macho

Ubishi kuhusu uwindaji huku Nyanda za Juu Kusini huwa wa pande mbili. Huyu atakwambia babu zetu waliwinda na misitu haikwisha. Yule atakwambia kila anayeingia porini na silaha ni jangili tu. Wote wawili wanasahau kifaa. Mtu mwenye mkuki na mbwa, mtu mwenye bunduki na leseni, na mtu aliyefunga waya wa klachi kwenye mche kisha akarudi zake kupalilia viazi, hao hawafanyi kazi moja. Hapa namzungumzia huyo wa tatu. Mtego wake haupigi kelele, kwa hiyo hauingii kwenye ubishi, lakini ndio unaokomba wanyama kimyakimya kuanzia milima ya Rungwe na Livingstone hadi Udzungwa.

Nyaya zenyewe hazinunuliwi mbali. Kuna za breki ya baiskeli, za klachi ya pikipiki, waya laini wa kufungia nondo, waya wa uzio uliochakaa, na chuma kinachobaki tairi likichomwa. Waya wa nondo ni laini, hutegewa kwale, kanga na ndezi. Waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi, kama wa breki, hutegewa swala wa vichakani kama nsya, funo na pongo, na nguruwe pori. Ukikuta kamba nene ya chuma imefungwa kwenye mti mkubwa, aliyeitega anatafuta nyati.

Lakini hayo ni matarajio ya mtegaji tu. Kitanzi kilichoning'inizwa usawa wa kichwa cha pongo ni usawa wa mguu wa twiga, na ni usawa wa mkonga wa ndama wa tembo anayenusa chini. Simba na mbwa mwitu hupita vichochoro vilevile kwa sababu ndimo mawindo yao yanamopita. Mwenye mkuki huona anachokichoma: jike lenye mimba, mtoto, au dume zee. Anaweza kuacha. Waya hauna macho, na hapo ndipo tofauti ya kimaadili ilipo kwa maoni yangu, kabla hata hujafungua kitabu cha sheria.

Sasa namna unavyoua. Shingoni, mnyama hukosa hewa, na kama kitanzi kimekaa vibaya hachukui dakika, anachukua saa. Kiunoni ni vibaya zaidi, maana anapumua bado na anaendelea kuvuta. Mguuni, waya husaga ngozi na mishipa hadi mfupani. Waya uliosukwa ukishapinda hapo haulegei tena hata mnyama akitulia, na akiukata anaondoka nao. Kidonda huoza, kwato hudondoka, na mizoga ya aina hiyo haihesabiwi na mtu kwa sababu hufia mbali. Hata aliyefunguliwa akiwa hana jeraha la kutisha anaweza kufa baada ya siku kadhaa: hofu na kuvuta kwa nguvu huua misuli, mkojo unageuka rangi ya kahawia, figo zinashindwa. Ndiyo maana kumfungua mnyama ni kazi ya daktari wa wanyamapori mwenye dawa ya usingizi. Mtu mwenye huruma na koleo hatoshi.

Na nyama? Mtegaji mwenye mitego thelathini haikagui yote kila siku, kwa hiyo sehemu ya kilichonaswa huoza au huliwa na fisi. Halafu ipo hatari ambayo walaji wa nyama pori hawapendi kuisikia. Mzoga uliokutwa umelala kwenye waya huwezi kujua kama waya ndio uliouua. Kama ni kimeta, kuuchuna tu kunatosha kukuletea maradhi.

Wanaotetea mila wana hoja moja ambayo naikubali. Mitego ilikuwapo zamani. Ila ilikuwa ya kamba za magome na nyuzi za mimea, na kamba hiyo ikinyeshewa kuanzia Novemba hadi Mei haiwezi kungoja msimu mwingine. Inaoza. Mtegaji akisahau, akiugua au akihama, mtego wake unakufa naye. Waya wenye zinki unabaki miaka, ukinasa na kuozesha bila mwenyewe. Kwa hiyo anayetega waya akisema anafuata mila, amechukua nusu ya mila na kuacha ile iliyokuwa breki yake.

Wawindaji wa kwetu wana ujuzi, hilo halina ubishi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiuliza habari za uwindaji kwenye vijiji vya Rungwe waliambiwa na wazee wa Kinyakyusa juu ya nyani mmoja mwenye haya aitwaye kipunji. Walidhani huenda ni hadithi. Mwaka huohuo walimwona, mwaka uliofuata akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kwa wanasayansi kuwa spishi mpya. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu. Kipunji huyo huyo huvamia mahindi yaliyo kando ya msitu, na akishuka chini waya uliotegewa nguruwe unamfaa vizuri kabisa.

Suala la mahindi si la kupuuza. Nguruwe pori wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi umebaki na mabua. Kifuta machozi cha serikali, yaani fedha ya pole kwa aliyeharibiwa na wanyama, kilitungwa kwa ajili ya wanyama hatari kama tembo, kiboko na nyati, si nguruwe. Lakini waya msituni haulindi shamba. Hunasa funo ambaye hajawahi kugusa hindi lako. Kinachosaidia kinachosha, najua: kulinda kwa zamu hindi linapokomaa, kufyeka ukanda kati ya msitu na shamba ili nguruwe asifike akiwa amejificha, kupanda pembeni mazao asiyoyapenda, na kumwita afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla ya mavuno kwisha.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza tanzi, mashimo, sumu, nyavu, hata mbwa na taa za usiku katika kuwinda. Wapo wanaonuna: mzungu anaruhusiwa bunduki, sisi tunanyimwa waya. Uwindaji wa kitalii una maswali yake, hasa fedha inafika kijijini kiasi gani, na wanakijiji wa Pawaga na Idodi, kando ya hifadhi ya Ruaha, wana haki ya kuyauliza kila mwaka. Ila angalau pale kuna kuchagua: simba awe na miaka 6 au zaidi, pembe ya tembo ifikie kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Kanuni hizo zinaweza kuvunjwa. Kwa waya hakuna hata cha kuvunja.

Kwa vikundi vya vijiji vinavyotoka doria na askari wa wanyamapori (msitoke bila wao), haya ndiyo yanayokosewa. Watu nane au kumi hupanga mstari, mita tano kati yao kwenye kichaka, kumi hadi kumi na tano palipo wazi. Kosa la kwanza ni kutazama mbele kama anayetembea barabarani. Chuchumaa kila baada ya hatua chache, kichwa chako kiwe kwenye usawa wa mnyama. Jua la asubuhi likiwa mbele yako, waya humeta. Tafuta uzio mfupi wa matawi wenye pengo moja, mche uliochubuliwa gome, na duara la udongo ulioparurwa kuzunguka mti: hapo kuna aliyepigana. Ukipata mmoja usishangilie ukaondoka, mitego hufungwa kwa mfululizo. Kiangazi nenda kwenye maji. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu hukauka sehemu zake kila mwaka, na wanyama hubanwa kwenye madimbwi machache ambayo mtegaji anayajua pia.

Mnyama akiwa hai, rudini nyuma na askari apige simu. Mtego mtupu upigwe picha, uandikwe mahali kwa GPS ya simu, aina ya waya na kama ni mpya au una kutu, ndipo ufunguliwe kutoka kwenye mti. Msiukate kitanzini na kuacha mkia; mkia huo hufungwa tena kesho. Wala msizike. Waya uliozikwa hufukuliwa. Bebeni wote, mkaukatekate vipande visivyozidi shubiri moja kabla ya kuutoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu ukiwa mzima, mzani wa chuma chakavu ndiyo njia yake fupi ya kurudi msituni.