Harufu ya saluni haitibu vipele vya ndevu

"Isipochoma, haijafanya kazi." Kauli hii haikomi kwenye saluni za kiume za Dodoma, iwe Majengo au Nkuhungu. Mteja akishanyolewa anataka amwagiwe spiriti, au aftashevu yenye harufu ileile aliyoizoea kwa baba yake, akiamini ndiyo kinga ya vipele. Siyo. Kuchoma ni alkoholi imegusa ngozi iliyokwanguliwa na wembe, basi.

Vipele vingi vya ndevu havianzi na bakteria, vinaanza na unywele wenyewe. Ndevu zetu zimejikunja. Wembe ukizikata chini kabisa, hasa ngozi ikiwa imevutwa, ncha iliyochongoka huchoma na kuzama ngozini, na mwili unapambana nayo kama mwiba. Hakuna spiriti inayonyoosha unywele! Inachofanya ni kukausha ngozi, na kwa kiangazi cha Dodoma na upepo wake, ngozi hiyo itawasha, utajikuna, na hapo ndipo usaha huanza.

Kwa hiyo acha wembe kwa wiki 4 hivi, ncha zilizozama zijitokeze. Ukirudi kunyoa, tumia mashine inayobakiza milimita 1. Usiikandamize, usivute ngozi, fuata ndevu zinakolala. Shingoni huwa zinalala upande upande, hivyo pitisha kidole kwanza. Kama ni lazima wembe, lainisha kwa maji ya uvuguvugu dakika 3 hadi 5, paka povu, pitisha mara moja tu, usirudi kinyumenyume. Malizia kwa maji baridi na losheni isiyo na manukato. Usichokonoe vipele kwa pini. Vikitoa usaha au kuacha uvimbe mgumu kisogoni, nenda hospitali.

Spiriti ina kazi yake, nayo ni vifaa. Ondoa nywele kwa brashi kwanza, kisha tumia ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe. Kufuta harakaharaka mteja akitazama ni maonyesho tu. Virusi vya homa ya ini B hukaa hai kwenye kifaa kikavu siku 7 au zaidi, ndiyo maana kila kichwa kinastahili wembe mpya.

Eti harufu ile ya aftashevu ni ya mimea mitupu, haidhuru? Kiini chake kimojawapo ni kumarini, kemikali yenye harufu tamu, ambayo mkemia Mwingereza William Henry Perkin aliitengeneza maabara mwaka 1868, na nyumba ya manukato ya Houbigant, Ufaransa, ikaitumia katika manukato yake ya Fougère Royale mwaka 1882. Hata lavenda halisi, mmea wa manukato, huleta mzio kwa baadhi ya watu. Kuipenda harufu hiyo si kosa, ni nzuri kweli. Pulizia kwenye kola ya shati, siyo kwenye shavu lililotoka kunyolewa.

Mentholi, ile inayoleta ubaridi, "hufunga vinyweleo"? Haifungi kitu. Inaamsha neva zinazohisi baridi, ngozi inabaki vilevile.

Poda haikati damu. Shabu hukata: ilowanishe, bonyeza palipokatika. Kipande kiwe chako peke yako.

Na ndimu, tafadhali. Maji yake yakipigwa na jua yakiwa usoni huunguza ngozi, na madoa meusi yanaweza kukaa miezi. Kama umeshapaka, osha kwa sabuni kabla hujatoka nje.